Kabla ya bima ya mbwa, andika bajeti ya mbwa

Leo tuache kwanza habari za seva, misimbo na simu mpya. Katika muda wa miezi michache nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, wote vijana wa rika langu, wote wameajiriwa Nairobi na wote wana mbwa au paka nyumbani: je, nikate bima ya mnyama wangu, na nikate ya namna gani? Mimi si daktari wa mifugo wala si wakala wa bima. Kazi yangu ni kuandika programu. Lakini bima ukiifungua ndani ni hesabu tu, ina vitu unavyoingiza na kitu kinachotoka, na hesabu ni jambo ambalo mtu wa tarakilishi anaweza kulizungumzia bila kuona haya.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma hadi mwisho asipoteze muda. Bima isiwe hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni bajeti, ya pili ni akiba ya dharura, na ya tatu, kama mfuko unaruhusu na kama umepata mkataba unaoeleweka, ndiyo bima. Ukianzia ya tatu utakuwa umenunua antivairasi ya bei ghali na kuiweka katika kompyuta ambayo hujawahi kuiwekea nywila.

Najua kuna atakayesema: Wakenya wenyewe bado wanahangaika na bima ya afya, tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024 maswali hayajaisha, na wewe unatuletea bima ya mbwa? Ni hoja nzuri na sitaki kuikwepa. Jibu langu ni kwamba bajeti ya mbwa ni bajeti ya binadamu pia. Kulingana na Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Kenya ina mpango wa kitaifa wa miaka 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo hivyo, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kwa hiyo mtu anayefuga mbwa "wa kulinda boma" bila kumtengea hata shilingi moja ya chanjo hajaokoa pesa. Ameihamisha bili hiyo na kumwekea mtoto wa jirani.

Basi tuanze na bajeti. Fungua lahajedwali, au daftari ukipenda, na uandike mistari hii.

1. Chakula. Wengi wetu tunasema mbwa anakula makombo, kwa hiyo hana gharama. Makombo ya Kenya yana kitunguu karibu kila siku, na kitunguu ni sumu kwa mbwa na kwa paka pia, kwani huharibu chembe nyekundu za damu. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Paka ndiye mgumu zaidi, kwa sababu mwili wake umeumbwa kwa nyama. Ugali na maziwa pekee havimtoshi, bali anahitaji nyama, samaki au omena. Andika basi gharama halisi ya unga, omena, matumbo au chakula cha dukani.

2. Chanjo. Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Hii ndiyo inayomkinga na parvo, virusi vilivyosambaa duniani tangu mwaka 1978, vinavyomfanya atapike na kuharisha damu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, na baada ya hapo huwa kuna ya kurudia. Muulize daktari ratiba yake.

3. Minyoo, kupe na viroboto. Dawa ya minyoo kwa mbwa mzima ni kama mara moja kila miezi mitatu. Kupe wasidharauliwe, maana huku kwetu wanaleta magonjwa ya damu ambayo matibabu yake ni ghali kuliko dawa ya kuwazuia ya mwaka mzima.

4. Kuhasi au kufunga kizazi. Hii ni gharama ya mara moja. Jike asiyefungwa anaweza kupata usaha katika mfuko wa uzazi, na hapo upasuaji ni wa dharura, si wa kupanga. Paka jike naye anaweza kubeba mimba kabla hajafikisha miezi sita, na mimba yake ni kama wiki tisa tu. Fanya hesabu mwenyewe uone baada ya mwaka mmoja utakuwa na paka wangapi.

5. Ukaguzi wa daktari mara moja kwa mwaka, hata kama mnyama hana neno.

Sasa tuweke namba. Nasisitiza kuwa namba hizi ni za mfano tu, ili tuone hesabu inavyokwenda. Bei za Rongai si za Nyali wala za Eldoret, kwa hiyo piga simu kwa daktari wawili watatu wa eneo lako uweke zako. Tuseme chakula ni shilingi 3,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kwa mwaka. Chanjo 5,000. Minyoo mara nne kwa 500, jumla 2,000. Dawa ya kupe 400 kwa mwezi, jumla 4,800. Ukaguzi 2,000. Jumla kuu ni shilingi 49,800 kwa mwaka, au 4,150 kwa mwezi. Hapo hatujagusa ugonjwa hata mmoja. Huyu ni mbwa mzima, mwenye afya, anayebweka vizuri.

Kama namba yako halisi ya mwezi inakutisha, ni heri ikutishe sasa kuliko baada ya kuchukua kile kimbwa kizuri ulichoonyeshwa Facebook. Sisemi kwamba asiye na pesa nyingi asifuge. Serikali za kaunti na mashirika hufanya kampeni za kuchanja mbwa bila malipo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Zifuatilie. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina kliniki ya wanyama wadogo pale Kabete. Ninachosema ni kwamba mtu ajue namba yake kabla.

Baada ya bajeti ni akiba ya dharura. Mtoto wa mbwa akipata parvo atahitaji dripu kwa siku kadhaa. Paka dume akiziba mkojo ana siku chache tu za kuishi asipotibiwa, na kila saa inahesabika. Mbwa akigongwa na bodaboda usiku, daktari atakuuliza malipo ya mwanzo kabla hajaanza, na simlaumu, kwani dawa na glavu hapewi bure. Hapo ndipo wanyama wengi wanapodungwa sindano ya mwisho ilhali ugonjwa wao unatibika. Mwenye mnyama alikuwa na mapenzi lakini hakuwa na salio.

Ushauri wangu ni kuigawa akiba hiyo mafungu mawili. Fungu la kwanza liwe mahali unapoweza kulifikia saa nane za usiku, yaani M-Pesa au akaunti isiyofungwa. Fungu la pili, lililo kubwa zaidi, liweke katika mfuko wa soko la fedha au sacco lizae kidogo, ukijua kuwa kulitoa huenda kukachukua siku kadhaa. Zile akaunti za kufungia pesa ni nzuri kwa karo na kodi, lakini paka aliyeziba mkojo hatakungojea tarehe ifike. Ukiweka 2,000 kwa mwezi, baada ya miezi 20 una 40,000, na pesa hizo ni zako hata mnyama asipougua kamwe. Akiba haiozi.

Kuna rafiki yangu aliyependekeza chama, kwamba majirani kumi wenye mbwa wachange kila mwezi na anayepata dharura achukue. Wazo linavutia, lakini lina kasoro ambayo mhandisi yeyote wa mifumo ataiona mara moja. Seva kumi ulizoziweka katika chumba kimoja huzimika zote stima ikipotea. Vivyo hivyo parvo ikiingia mtaani hubisha hodi kwa wanachama wote wiki moja, na chungu cha chama kitakauka kwa mgonjwa wa pili. Bima ya kweli hufanya kazi kwa sababu hatari imetawanywa kwa watu wengi wasiokaa pamoja.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe. Si jambo jipya duniani. Uingereza imekuwa nayo tangu 1947, na Marekani mkataba wa kwanza wa aina hii uliandikwa mwaka 1982 kwa mbwa mwigizaji wa televisheni, Lassie. Wasomaji wangu mlioko London au Minneapolis mnaletewa matangazo yake kila siku, na mnaniuliza mchague ipi. Mlioko hapa nyumbani mnauliza kama ipo. Wote nawapa kanuni moja, niliyoiandika kwa namna ya msimbo:

fidia = kidogo_kati_ya( kikomo, (bili - sehemu_yako) x asilimia )

Maana yake ni rahisi. Kikomo ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa. Sehemu yako ni kile kiasi cha mwanzo unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijagusa chochote. Asilimia ni ile inayolipwa kwa kinachobaki. Tuchukue mkataba wa kubuni wenye ada ya 12,000 kwa mwaka, kikomo 100,000, sehemu yako 5,000, na asilimia 80.

Bili ikiwa 8,000, fidia ni 2,400, na wewe unalipa 5,600. Bili ikiwa 40,000, fidia ni 28,000, na wewe unalipa 12,000. Bili ikiwa 150,000, hesabu inatoa 116,000 lakini kikomo kinakata, unapata 100,000 na unalipa 50,000. Katika mifano yote mitatu bado kuna ile ada ya 12,000.

Mnaona? Kwa bili ndogo mkataba huu hauna faida. Kwa bili ya 40,000, ada inarudi tu kama ajali ya namna hiyo inatokea karibu kila baada ya miaka miwili na miezi minne. Kwa bili kubwa ya 150,000, inatosha itokee mara moja katika miaka minane hivi. Ndiyo sababu nasema bima inunuliwe kwa ajili ya bili ambayo hata ukiuza kipakatalishi chako hutaimaliza, si kwa ajili ya minyoo. Kampuni inayokuahidi kulipia chanjo na dawa za kupe inachukua pesa zako mwanzoni mwa mwaka na kukurudishia vipande vipande baada ya kukata chake. Kwa wastani mteja hulipa zaidi ya anachorudishiwa, maana kampuni ina mishahara na faida. Hilo si wizi, ndiyo biashara yenyewe. Wewe unanunua usingizi, na ni halali mtu kununua usingizi mradi anajua bei yake.

Baada ya hesabu, soma maandishi madogo. Maswali yangu ni haya:

Kwanza, ni nini kisicholipiwa? Karibu kila mkataba wa wanyama duniani hukataa ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla ya bima kuanza. Kwa hiyo anayengoja mbwa aanze kuchechemea ndipo atafute bima amechelewa.

Pili, muda wa kungoja ni siku ngapi? Kwa magonjwa huwa mara nyingi ni kama wiki mbili, na maradhi mengine huwekewa miezi.

Tatu, kikomo ni cha nini? Uingereza kuna aina nne zinazojulikana: ya ajali tu, ya kulipia ugonjwa kwa miezi 12 kisha basi, ya kikomo kwa kila ugonjwa, na ile ya maisha ambayo kikomo chake huanza upya kila mwaka unapoendelea kulipa. Mbwa akipata kisukari, tofauti kati ya ya pili na ya nne ndiyo tofauti kati ya kutibiwa mwaka mmoja na kutibiwa hadi uzeeni.

Nne, nani anamlipa daktari? Mikataba mingi hukutaka ulipe wewe kwanza, halafu udai. Kwa hiyo hata mwenye bima anahitaji ile akiba ya dharura. Watu wengi hawalijui hili mpaka wafike kaunta.

Tano, ada itapandaje mnyama anapozeeka? Bei ya mtoto wa mbwa isikudanganye.

Na hapa Kenya ongeza la sita: hii bima inalipa matibabu au inalipa kifo? Bima nyingi za mifugo tulizozizoea zimetengenezwa kwa ng'ombe. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa au ajali, mkulima analipwa thamani yake, na ni sawa kabisa kwa sababu ng'ombe ana bei sokoni. Mbwa wako wa kienyeji bei yake sokoni ni karibu na sufuri. Bima itakayokulipa thamani yake akifa haikusaidii chochote, kwani hasara yako ni bili ya kumtibu asife. Wakala akikuuzia bima ya ng'ombe na kubadilisha neno moja tu kuwa mbwa, mshukuru uende zako. Na kampuni yoyote, hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na daktari wako awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, maana risiti ya mtu wa duka la dawa za mifugo aliyejipa udaktari haitakubaliwa popote.

Kuna jambo moja linalonikera kama mtu wa teknolojia. Nchi hii imewahi kuwa mstari wa mbele katika bima ya wanyama. Januari 2010, kule Marsabit, taasisi ya ILRI na washirika wake walianzisha bima ya mifugo inayotumia setilaiti. Setilaiti huangalia ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa wafugaji hulipwa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, na mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake ikianza na Turkana na Wajir. Wazo hilo lilikwepa tatizo gumu kuliko yote katika bima: kuthibitisha kuwa mnyama huyu ndiye, na kuwa kweli ameugua.

Kwa mbwa wa mjini hatuwezi kukwepa. Hakuna setilaiti itakayokuambia Simba wa Umoja ana parvo. Kampuni inahitaji kujua kwamba Simba aliyeugua ndiye Simba aliyelipiwa, maana mbwa wekundu wa mtaani wanafanana kama mapacha. Dawa yake ipo na si ghali kuielewa: chipu ndogo kama punje ya mchele inayowekwa chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa mawimbi ya redio. Haina betri na haina GPS, kwa hiyo haitakuonyesha mbwa alipo, msidanganywe. Inatoa namba tu. Lakini namba bila hifadhidata ni bure. Kama kila kliniki ina daftari lake la karatasi, au jedwali lake lisiloongea na la mwenzake, namba hiyo inaishia mlangoni.

Ndiyo maana naamini bima nzuri na nafuu ya mbwa na paka hapa kwetu itafuata rekodi nzuri, haitazitangulia. Sajili moja inayosomeka na kliniki zote, yenye namba ya chipu, tarehe za chanjo na historia ya matibabu, ingempa mwenye bima takwimu za kupanga bei kwa haki, na ingezipa kaunti picha ya wazi ya mbwa wangapi wamechanjwa dhidi ya kichaa. Vijana mnaotafuta wazo la mradi, mwacheni mtu wa kumi na moja atengeneze programu nyingine ya kuagiza chipsi. Hili hapa linangoja.

Mpaka siku hiyo ifike, anza unachoweza wewe mwenyewe jioni ya leo. Andika ile mistari mitano. Piga picha ya cheti cha chanjo uihifadhi mahali pawili. Tenga fungu la kwanza la dharura hata kama ni 500. Na mtoto yeyote akiumwa na mbwa, hata awe mbwa wako unayemwamini, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakuwa kichaa.

Walio na mkataba wa bima mkononi na hawauelewi, andikeni hapo chini kile kifungu kinachowasumbua, bila kutaja jina la kampuni, tukichambue pamoja. Na wanaopinga msimamo wangu karibuni vile vile, mradi mje na hesabu. Kwaherini kwa sasa.